Samuel Wanjiru: kijana wa Nyahururu aliyekwenda kujifunza mbio ndefu Japani

Tangu Alphonce Simbu avuke mstari wa kwanza jijini Tokyo mwezi Septemba 2025, wasikilizaji wetu wa kuzunguka Mlima Meru, kuanzia Ngaramtoni na Oldonyo Sambu hadi Tengeru na Usa River, hawajaacha kuzungumzia Japani. Simbu, askari wa JWTZ anayefanyia mazoezi hapa Arusha, alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros alipewa muda huo huo, na ikabidi picha ya kamera iamue. Tanzania ikapata medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha.

Mazungumzo hayo yana upande wa pili, nao ndio unaotugusa zaidi. Kuna wazazi wenye vijana wanaokimbia vizuri, na wamesikia kwamba Japani kuna shule na kampuni zinazochukua vijana wa Afrika Mashariki kwenda kusoma na kukimbia. Wanataka kujua kinachofundishwa huko, na kama ni salama kumwachia mtoto aende.

Tumeona tuwasimulie maisha ya mtu mmoja aliyepita njia hiyo mwanzo hadi mwisho. Anaitwa Samuel Kamau Wanjiru. Mtoto aliyezaliwa mwaka ambao Wanjiru alifariki sasa yuko sekondari, kwa hiyo vijana wengi wanaopita barabarani alfajiri na raba zao hawakuwahi kumwona akikimbia. Wazee wao wanamkumbuka.

Kijana asiye na ada

Alizaliwa tarehe 10 Novemba 1986 Nyahururu, mji wa Kenya ulio kwenye mwinuko wa mita kama 2,300 kutoka usawa wa bahari. Arusha mjini tuko kwenye mita kama 1,400. Anayelijua baridi la mwezi wa 7 kule juu ya Ngaramtoni, aliongeze kidogo, atakuwa amefika Nyahururu. Ni nchi ya wakulima na wafugaji wadogo, na mashamba yake mtu wa Meru hatayaona mageni.

Mama yake alimlea peke yake, na jina la Wanjiru ni la mama. Nyumbani kulikuwa na shida. Alianza kukimbia akiwa na miaka kama 8, akaonekana mapema kwamba ana miguu. Lakini alipomaliza shule ya msingi, ada ya sekondari haikuwepo. Wengi wanaosimulia habari zake huanzia kwenye medali na kuliruka jambo hili, wakati ndilo lililompeleka Japani. Kijana alihitaji shule, na shule iliyokuwa tayari kumlipia kila kitu ilikuwa Sendai, kaskazini mwa Japani.

Njia yenyewe haikufunguliwa na yeye. Mwaka 1983 Mkenya mwingine, Douglas Wakiihuri, alikwenda Tokyo kufundishwa na kocha Kiyoshi Nakamura. Nakamura alifariki mwaka 1985, lakini miaka miwili baadaye mwanafunzi wake huyo alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Roma, na mwaka 1988 akachukua medali ya fedha ya Olimpiki mjini Seoul. Shule na kampuni za Japani ziliona faida ya kuchukua vijana wa huku.

Na sisi Watanzania tulikuwa tunawajua Wajapani kwa upande mwingine. Juma Ikangaa alipambana na mwanafunzi mkubwa wa Nakamura, Toshihiko Seko, katika marathoni ya Fukuoka mwaka 1983. Seko alishinda kwa tofauti ya sekunde 3 tu. Ikangaa alirudi akashinda Tokyo mwaka 1984 na 1986, na Fukuoka mwaka 1986. Lakini Ikangaa alikwenda Japani akiwa mtu mzima, kushindana na kurudi nyumbani. Wanjiru alikwenda mwaka 2002 akiwa na miaka 15, kukaa.

Alichokikuta Sendai

Shule aliyopokelewa inaitwa Sendai Ikuei. Ni shule ya binafsi, na tuseme wazi kwamba haikumchukua kwa huruma. Japani wana mbio wanazozipenda kuliko tunavyoweza kueleza, zinaitwa ekiden. Ni mbio za kupokezana barabarani. Badala ya kijiti, wakimbiaji hupokezana mkanda wa kitambaa unaovaliwa begani ukapita kifuani. Mashindano ya taifa ya shule za sekondari hufanyika Kyoto kila mwezi Desemba. Kwa wavulana, watu 7 hugawana kilomita 42.195, yaani umbali wa marathoni moja, na nchi nzima huangalia kwenye televisheni. Shule inayoshinda hupata jina, na shule yenye jina hupata wanafunzi. Kijana mmoja mwenye kasi kutoka Kenya anaweza kubadilisha matokeo yote.

Alibadilisha kweli. Sendai Ikuei ilichukua ubingwa wa taifa mwaka 2003 na 2004 akiwa kwenye timu. Wakenya walitawala vipande hivyo kiasi kwamba baadaye, kuanzia mwaka 2008, waandaaji waliwazuia wanafunzi wa kigeni wasikimbie kipande cha kwanza, kwa sababu mbio zilikuwa zinaisha kabla hazijaanza. Kanuni hizo zimeendelea kukazwa.

Sasa mazoezi. Anayedhani Wajapani wana dawa ya siri atasikitika. Katika timu za shule za namna hiyo siku huanza kabla ya masomo, kwa mbio za pamoja za alfajiri. Jioni baada ya masomo kuna mazoezi mengine. Sehemu kubwa ni kukimbia taratibu kwa muda mrefu, umbali juu ya umbali, wiki baada ya wiki. Siku za kasi zina muda uliopangwa: kocha akisema mzunguko mmoja uishe kwa sekunde 70, basi ni 70. Anayekuja na 66 ili aonekane hodari amekosea sawa na anayekuja na 74. Huku kwetu kijana akiwaacha wenzake mazoezini tunampigia makofi. Kule anaweza kuambiwa arudie.

Kilichobaki ni maisha ya bweni. Wanafunzi hufagia wenyewe madarasa na vyumba vyao. Husalimia kwa kuinama, pamoja na uwanja wanaokimbilia. Chakula kina saa yake na kulala kuna saa yake. Wanjiru alifika bila neno la Kijapani, katika mji ambao majira ya baridi huanguka theluji, na mama yake yuko bara jingine. Alijifunza lugha hadi akaweza kuhojiwa kwa Kijapani kwenye televisheni bila mkalimani.

Katika mahojiano ya baadaye, alipoulizwa Japani ilimpa nini, alilitaja neno lao moja, gaman. Wengi hulitafsiri kuwa uvumilivu. Kwa maoni yetu tafsiri hiyo haijafika. Mwenye subira anaweza kukaa kivulini akingojea mambo yatengemae. Gaman ni pale jambo linauma sasa hivi na wewe unabaki palepale bila kulalamika, na uso hauonyeshi kitu. Mama anapomwambia mtoto anayechomwa sindano ajikaze, amekaribia zaidi.

Kampuni, kocha na rekodi

Mwaka 2005 Wanjiru alimaliza sekondari, akaajiriwa na timu ya kampuni ya Toyota Kyushu, kusini mwa Japani. Mfumo huu ni mgeni kwa wasikilizaji wengi, kwa hiyo tuueleze kidogo. Kampuni kubwa za Japani huwa na timu za mbio. Mkimbiaji ni mwajiriwa, analipwa mshahara wa mwezi hata asiposhinda, anapewa pa kulala, chakula na kocha. Malipo yake ni kuivalia kampuni fulana siku ya ekiden. Fikiria kiwanda cha hapa Njiro kingekuwa na wakimbiaji wake kama kilivyo na mafundi wake.

Kocha wake huko alikuwa Koichi Morishita, aliyechukua medali ya fedha ya marathoni kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Hapa tunaona bahati kubwa ya kijana huyu. Alimpata mtu aliyewahi kusimama kwenye jukwaa la Olimpiki, akaikosa dhahabu kwa sekunde 22, na ambaye hakuwa na haraka ya kumwingiza kwenye marathoni.

Wakati huo miguu ilikuwa tayari inaongea. Mwezi Agosti 2005, mjini Brussels, akiwa na miaka 18, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 41.75, rekodi ya dunia ya vijana. Siku 16 baadaye, mjini Rotterdam, alivunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni kwa dakika 59 na sekunde 16. Haile Gebrselassie wa Ethiopia akamnyang'anya mwaka 2006. Wanjiru akaichukua tena Februari 2007 huko Ras Al Khaimah, Falme za Kiarabu, kwa dakika 58:53. Mwezi Machi, mjini The Hague, akaishusha hadi 58:33.

Marathoni yake ya kwanza alikimbia Desemba 2007 huko Fukuoka, kwenye barabara zilezile za Ikangaa na Seko. Alishinda kwa saa 2:06:39, rekodi ya mashindano hayo. Aprili 2008 akawa wa pili London kwa 2:05:24. Mwaka huo huo alitengana na timu ya Toyota. Kampuni ilimtaka kwa ajili ya ekiden, na yeye macho yake yalikuwa Beijing.

Beijing, 24 Agosti 2008

Wakenya walikuwa wameshinda karibu kila mbio duniani, lakini dhahabu ya marathoni ya Olimpiki walikuwa hawajaipata. Siku ile Beijing ilikuwa na jua na joto. Kila mtaalamu alisema mbio zitakuwa za kuviziana: watu watatulia, watakunywa maji, na kasi itakuja mwishoni. Ndivyo marathoni za Olimpiki zilivyozoeleka, na ndiyo maana rekodi ya Olimpiki ya Carlos Lopes wa Ureno, saa 2:09:21, ilikuwa imekaa miaka 24.

Wanjiru alianza kama mtu aliyechelewa basi. Kilomita 5 za kwanza ziliisha chini ya dakika 15. Nusu ya safari kundi la mbele lilipita kwa saa 1:02:34, muda ambao hata kwenye hali ya hewa nzuri ungeitwa wa kasi. Akawa anaongeza kasi na kupunguza, anaongeza na kupunguza, na kila mara mtu mmoja anaachwa. Mwishoni alibaki na Jaouad Gharib wa Morocco, bingwa wa dunia mara mbili. Naye akaachwa. Wanjiru aliingia uwanjani peke yake na kumaliza kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, chini ya rekodi ya Lopes kwa dakika 2 na sekunde 49. Gharib alifuata kwa 2:07:16. Tsegaye Kebede wa Ethiopia akapata shaba kwa saa 2:10 kamili. Bingwa alikuwa na miaka 21, mdogo kuliko mshindi yeyote wa marathoni ya Olimpiki tangu mwaka 1932.

Watu wengi waliita mbio zile wazimu. Sisi tunaziona kuwa ni ekiden. Kwenye ekiden mkimbiaji hatunzi nguvu. Anapokea mkanda na kukimbia kwa kasi yote anayoimudu tangu hatua ya kwanza, kwa sababu mwenzake anasubiri mbele na timu nzima inamtazama. Kijana aliyefanya hivyo miaka yote ya shule hakuiogopa kasi ya mwanzo kama walivyoiogopa wenzake. Na pale joto lilipoanza kuwachoma wote sawasawa, akajikaza. Hii ni tafsiri yetu, lakini ukirudia kuzitazama zile mbio kwenye simu yako utaona hakuna mahali anapokimbia kwa hasira. Kila mara anapoongeza kasi, baadaye hutulia.

Nyumbani

Mwaka 2009 alishinda London kwa 2:05:10 na Chicago kwa 2:05:41, zote zikiwa rekodi za mashindano hayo. Oktoba 2010 alirudi Chicago baada ya maandalizi mabovu na ugonjwa wa tumbo. Yeye na Kebede waliachana na kukutana mara kadhaa katika kilomita za mwisho, hadi Wanjiru akamshinda kwa sekunde 19. Kuna wanaosema zile ndizo mbio bora za marathoni walizowahi kuona, na sisi hatuwapingi. Kwa misimu miwili mfululizo alichukua zawadi ya dola 500,000 ya mshindi wa jumla wa marathoni kubwa za dunia, mbali na zawadi za kila mbio na malipo ya kualikwa.

Sasa tumfikirie kijana mwenyewe. Tangu miaka 15 saa yake ya kuamka ilipangwa na mtu mwingine. Chakula kilipangwa, mazoezi yalipangwa, mshahara uliingia mwisho wa mwezi. Halafu akiwa na miaka 21 anarudi kuishi alikozaliwa, na pesa ambazo mji mzima haujawahi kuziona kwa mtu mmoja. Kengele ya bweni haipo. Mlangoni kuna ndugu wenye shida za kweli, marafiki wa utotoni, na marafiki waliopatikana baada ya medali. Alisaidia wengi na alijenga. Pia alianza kunywa pombe, na jambo hilo lilijulikana hadi kwa makocha wake wapya, ambao wakati mwingine walishindwa kumpata kwa mazoezi.

Mwishoni mwa mwaka 2010 alifikishwa mahakamani kwa mashtaka yaliyohusu ugomvi wa nyumbani na bunduki isiyo na kibali. Mke wake baadaye aliondoa malalamiko yake. Usiku wa tarehe 15 Mei 2011 Wanjiru alianguka kutoka kwenye roshani ya nyumba yake Nyahururu, akafariki. Alikuwa na miaka 24. Kuhusu kilichotokea usiku ule, polisi na familia hawakukubaliana, na mama yake hakuwahi kuamini kwamba ilikuwa ajali. Hata mazishi yalichelewa kwa kesi. Alizikwa tarehe 11 Juni, karibu wiki 4 baadaye.

Wapo wanaosema Japani ilimharibu kwa kumchukua mdogo. Wengine wanasema nyumbani ndiko kulikomharibu. Tukiyapima maisha yake tunaona jambo la kawaida zaidi. Watu wengi walimwandaa kwa kilomita 42, na waliifanya kazi hiyo vizuri sana. Hatujaona aliyemwandaa kwa siku ya kurudi: namna ya kushika pesa, namna ya kumkatalia binamu, namna ya kuamka saa 11 alfajiri pasipo mtu wa kukuamsha. Alikuwa bado na umri wa mwanafunzi wa chuo.

Ndiyo maana mzazi wa Moshono au Kisongo anayeletewa fomu ya kumpeleka mtoto nje kukimbia, asitosheke na kuuliza kuhusu mazoezi. Aulize shule ina jina gani na cheti gani kitatoka. Aulize akiumia goti nani atalipa hospitali, na kama masomo yataendelea akishindwa kukimbia. Aulize mkataba umeandikwa kwa lugha gani na nani amemsomea. Aulize pesa zitaingia akaunti ya nani. Mtu mwema hatakasirika kwa maswali hayo. Anayekasirika, mwache aende na fomu yake.

Rekodi ya Olimpiki ya Beijing ilikaa karibu miaka 16. Eliud Kipchoge alishinda Olimpiki mara mbili bila kuifikia. Tarehe 10 Agosti 2024, katika Olimpiki ya Paris, Tamirat Tola wa Ethiopia alikimbia kwa saa 2:06:26. Aliivunja kwa sekunde 6.